Mdogo wangu kaambiwa ana MS (multiple sclerosis), daktari kagusia kirusi. Je, tumtenge vyombo?

Kaka Mtu: Wakuu, habari za jioni. Mdogo wangu wa kike alianza na jicho moja kuona ukungu, likapona lenyewe. Baadaye ikaja ganzi toka kiunoni hadi nyayo, ndala inamvuka wala hana habari. MRI ikaonyesha makovu kwenye ubongo na uti wa mgongo: MS. Kinga yake inashambulia mailini, utando unaofunika mishipa ya fahamu. Daktari akasema huenda kirusi ndicho kilichochokoza. Basi bimkubwa kafunga uzi mwekundu kwenye kikombe chake tusichangie. Tena juzi kapata UTI yenye homa, miguu ikaisha nguvu kabisa. Ushauri tafadhali.

Mzee Kijiwe: Pole mkuu. Hapo kuna mkono wa mtu. Kuna mtaalamu mmoja nakuja nae PM.

Nesi Zamu ya Usiku: Mzee Kijiwe, tuache kidogo. Kaka Mtu, kirusi kinachotajwa ni Epstein-Barr, EBV. Kiligunduliwa 1964 kwenye uvimbe wa saratani wa watoto wa Uganda, ule daktari Denis Burkitt alioufuatilia akiwa hospitali ya Mulago, Kampala. Watu wazima takribani 95 kati ya 100 tunacho, na karibu hakika bimkubwa mwenyewe anacho. Huo uzi afungue. MS haiambukizi.

Ushahidi upo. Mwaka 2022 watafiti wa Harvard walitoa matokeo ya damu iliyohifadhiwa ya wanajeshi wa Marekani zaidi ya milioni 10. Kati ya wagonjwa 801 wa MS waliokuwa na sampuli za kutosha, 800 walikuwa wameshaambukizwa EBV kabla ugonjwa haujaanza. Aliyeambukizwa, hatari yake ilipanda mara 32.

Kaka Mtu: Sasa dada, kama wote tunacho, mbona yeye tu?

Nesi Zamu ya Usiku: Kirusi peke yake hakitoshi. Kuna kurithi, jeni ya HLA-DRB1*15:01 hasa, kuna sigara, kuna upungufu wa vitamini D, na kuambukizwa ukubwani badala ya utotoni.

Tonsesi Sugu: Mimi valvu ya moyo iliharibika hivyohivyo. Utotoni koo, bakteria wa streptokoka, kinga ikapigana nao kisha ikageukia moyo kwa sababu protini za bakteria na za moyo zinafanana. Kwenye MS, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha 2022 kwamba kwa baadhi ya wagonjwa, kingamwili inayoshika EBNA1, protini ya kirusi, inashika pia GlialCAM, protini ya ubongo.

Nesi Zamu ya Usiku: Umenena. Ila linalonikera hapa ni UTI. Joto likipanda, mshipa uliokwisha vuliwa mailini hupitisha ujumbe kwa shida, dalili za zamani zinarudi bila shambulio jipya. Maambukizi yanaweza pia kuleta shambulio la kweli. Kwa hiyo tibuni mkojo kwanza, msikimbilie steroidi, dawa za kutuliza shambulio. Homa ikiisha na miguu bado, arudi kwa daktari wa mishipa ya fahamu haraka. Na kama ataanzishiwa ocrelizumab, dawa ya MS inayofagia chembe B, yaani chembe za kinga ambamo EBV hujificha, apimwe homa ya ini B, na chanjo hai kama ya homa ya manjano zijadiliwe kabla. Mkojo ulioteshwa maabara, kujua ni bakteria gani?

Kaka Mtu: Hawakuotesha, walimpa sipro tu. Kesho asubuhi tunaupeleka.

Nesi Zamu ya Usiku: Sawa. Waambie maabara kwamba ameshaanza antibayotiki.