Usanifu Majengo Ardhi au "Uhandisi wa Usanifu" Muscat? Wakuu nisaidieni kabla sijamjibu mjomba

Kifutio

Habari za jioni wakuu. Nimemaliza kidato cha sita mwaka huu, mchepuo wa PCM (Fizikia, Kemia, Hesabu). Nimechaguliwa Chuo Kikuu Ardhi, Shahada ya Usanifu Majengo, miaka mitano. Nyumbani tulichinja jogoo. Supu haijapoa, mjomba akapiga simu kutoka Muscat: kuna chuo binafsi kule, ada atalipa yeye, kozi inaitwa Uhandisi wa Usanifu Majengo. Maneno yake: "Ukisoma huku utarudi injinia, sio mchoraji."

Baba ni fundi mwashi, ameshika mwiko miaka ishirini na ushee, na kwenye hili yuko upande wa mjomba. Kwake mtu wa ramani ni yule anayekuja saiti mara moja na viatu safi, ananyoosha kidole, anaondoka. Mama anasema kokote ni sawa, ila mkopo wa Bodi ya Mikopo hana uhakika kama utatoka wote.

Mimi napenda kuchora. Hesabu sio tatizo, Fizikia nilitoka na C. Ninachouliza: hizi kozi mbili ni kitu kimoja? Na nikirudi na cheti cha Muscat, hapa nyumbani nitasajiliwa kama nani? Nina wiki mbili tu za kuamua.

Mzee wa Kona

Soma yoyote mdogo wangu, tutakutana wote kwenye bodaboda.

Mpima Kamba

Mzee wa Kona kila uzi jibu lako ni hilo hilo. Mtoto ana wiki mbili.

Kijana, anza na usajili, mengine baadaye. Tanzania kuna bodi mbili na kila moja ina mlango wake. AQRB ni ya wabunifu majengo, ndio hao wasanifu, na wakadiriaji majenzi, na sheria yao ya sasa ni ya mwaka 2010. ERB ni ya wahandisi. Mimi nilipitia ERB: baada ya shahada ya ujenzi nikaingia mpango wao wa mafunzo kazini, miaka mitatu ya kujaza kitabu cha kazi na kusainiwa na mhandisi aliyesajiliwa, ndipo nikaomba usajili kamili. AQRB nao wana mafunzo yao ya vitendo na mitihani yao. Bila usajili huruhusiwi kujitangaza kwa cheo hicho, hata uwe na shahada tatu ukutani.

Sasa cheti kinachoitwa "uhandisi wa usanifu" kinaweza kukuacha katikati ya milango hiyo miwili. Huku wakuulize hesabu za mihimili ziko wapi, kule wakuulize studio, yaani vipindi vya kubuni na kuchora majengo, ziko wapi. Sisemi itakuwa hivyo. Nasema andikia bodi zote mbili sasa hivi, uambatanishe mtaala wa hicho chuo, uwaulize. Barua pepe haina nauli. Na TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, uwasiliane nao kabla hujasafiri, maana wao ndio wanaotambua tuzo za vyuo vya nje. Usisubiri urudi na begi.

Bi Nondo

Nimesajiliwa kama mbunifu majengo, ofisi yangu ni ndogo, tuko watatu na printa moja yenye kiburi. Nijibu swali la kwanza, kwa sababu naona watu wanaruka.

Chukua ngazi. Sakafu ya chini mpaka sakafu ya juu ni milimita 3,000. Mimi nagawa kwa 18, kila kipandio kinakuwa na kimo cha kama 167. Mahali pa kukanyaga nampa 280. Kuna kanuni ya zamani: vimo viwili ukijumlisha na kanyagio moja iangukie kati ya 600 na 640 hivi, ndio hatua ya mtu anayepanda bila kufikiri. Hapo nina 614, sawa. Lakini ngazi iliyonyooka itakula karibu mita tano za nyumba ya mtu, kwa hiyo naikunja katikati, tisa kwa tisa, naweka kituo, ile sehemu bapa ya kugeukia. Kisha nakaa najiuliza: bibi wa nyumba hii akifika hapo kituoni anaona nini? Ukuta? Nikitoboa dirisha, jua la saa kumi litamwingia machoni? Kitanda cha sita kwa sita kitapita kwenye kona? Mlango wa stoo chini ya ngazi ukifunguliwa unagonga nini?

Halafu nampelekea mhandisi. Yeye hana habari na bibi. Anauliza kituo kinabebwa na nini, zege liwe na unene gani, nondo za milimita ngapi zipangwe kwa umbali gani, na pale ngazi inapokunjwa nondo zipite vipi zege lisipasuke. Akiniambia "dada, hapa nahitaji nguzo", na nguzo imeangukia katikati ya sebule, tunaanza kugombana. Ugomvi huo ndio kazi yenyewe.

Hesabu unaziweza, vizuri. Jiulize tu ni maswali ya nani kati ya sisi wawili yangekukosesha usingizi.

Na mkuu nikupe kazi ya nyumbani. Nenda saiti anapojenga mzee, chukua futi kamba, pima kimo cha kila kipandio cha ngazi kuanzia cha kwanza mpaka cha mwisho. Andika. Njoo utuambie.

Abu Salim wa Seeb

Assalamu alaykum. Mimi kwetu Mkoani, Pemba, niko Oman mwaka wa kumi na moja, nasimamia majengo. Mjomba wako hajakudanganya, ila kuna jambo la lugha hapa ambalo watu wa nyumbani hawalijui.

Nchi za Kiarabu msanifu anaitwa muhandis mi'mari, mhandisi wa usanifu. Usanifu unafundishwa ndani ya kitivo cha uhandisi, na anayemaliza anaitwa muhandis kama mwenzake wa barabara. Misri ni hivyo hivyo. Hassan Fathy, yule aliyewajengea watu kijiji cha matofali ya udongo pale Gourna karibu na Luxor, alitoka shule ya uhandisi Cairo mwaka 1926. Alikuwa msanifu kuliko wengi wenye jina hilo. Hapa Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos nako uhandisi wa ujenzi na wa usanifu wamewekwa idara moja.

Lakini Marekani jina lile lile ni kitu kingine. Kule mhandisi wa usanifu ni mtu wa mifumo ya ndani ya jengo: mhimili, kiyoyozi, umeme, taa, mabomba, sauti ukumbini. Mchoro wa jengo anaufanya mwingine. Na vyuo binafsi vya huku Ghuba vingine vimechukua mtaala wa Kimarekani, vingine wa Kiarabu, vingine wamechanganya. Kwa hiyo jina halikwambii kitu.

Fanya hivi. Omba orodha ya masomo muhula kwa muhula, si kile kijitabu cha picha za wanafunzi wanacheka. Hesabu studio. Ukiona studio ya ubunifu kila muhula tangu mwanzo hadi mwisho, na ndiyo yenye saa nyingi kuliko somo lolote, hiyo ni usanifu hata ikiitwa uhandisi. Ukiona studio mbili tatu, kisha joto na mwendo wa hewa, mihimili, umeme wa majengo, basi huo ni uhandisi hasa. Kazi nzuri, huku kiyoyozi ni uhai, lakini si ile unayoiota. Uliza pia kama kuna mwaka wa maandalizi wa Kiingereza, kwa kuwa huo unaongezwa juu, na ada yake mjomba asije akashtukia.

Mwaka wa Tatu

Kifutio mimi nasoma usanifu, chuo sikitaji. Acha nikwambie ambayo wakubwa wameyasahau.

Kwanza hela haziishii kwenye ada. Kadibodi, gundi, visu, kuchapa karatasi za A1 siku ambayo darasa zima linachapa. Laptop ya kuandikia barua haitabeba programu za kuchorea kama Revit wala ArchiCAD, ukibonyeza inavuma kama mashine ya kusaga. Mwaka wa kwanza lakini wengi tulichora kwa mkono, kwa hiyo usiuze shamba la mtu mapema.

Pili, usingizi. Usiku wa kuamkia juri hamlali. Juri ni pale unapobandika kazi ukutani, walimu wanakaa mbele, unaeleza. Mara yangu ya kwanza nilichora zahanati, nikaongea dakika kumi kuhusu "mtiririko wa nafasi". Mwalimu akauliza swali moja: machela inapita wapi? Mlango wangu ulikuwa milimita 800 na mbele yake kona. Nilinyamaza. Nililia chooni, halafu nikarudi nikapanua mlango.

Na maketi, ule mfano mdogo wa jengo! Nilipanda nayo daladala la Mwenge asubuhi, nimeikumbatia kama mtoto. Konda anasema sogea nyuma. Mama mmoja akanionea huruma akanipokea, akaiweka mapajani, juu yake akaweka na mkoba wake. Paa likazama. Sikuwa na la kumwambia, alikuwa ananisaidia.

Ila ukiniuliza kama nabadilisha kozi, sibadilishi.

Wa Juja

Salamu kutoka Kenya. Huku kwetu njia ni ndefu zaidi, miaka sita: minne unapata digrii ya kwanza, halafu miwili ya juu ndiyo unaenda nayo kwa BORAQS, bodi yetu ya kusajili wasanifu. Kuna wenzetu waliishia minne wakadhani wamemaliza, sasa wanachora chini ya jina la mwingine. Kwa hivyo hiyo mitano yenu isikutishe.

Mkokoteni

Baba yako yuko sahihi. Watu wa ramani wanatusumbua tu. Siku hizi ramani unanunua WhatsApp laki mbili, fundi anajenga, watu wanahamia. Architect wa nini?

Mpima Kamba

Mkokoteni, tarehe 29 Machi 2013 ghorofa lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam lilianguka, watu 36 wakafa. Novemba 2024 tena Kariakoo. Hapo ni mambo ya uhandisi, usimamizi na vibali, sisingizii ramani ya WhatsApp. Lakini usiniambie "watu wanahamia" kama ndio kipimo.

Bi Nondo

Na kwa kuwa Kariakoo imetajwa: lile soko la Kariakoo lenyewe, la miaka ya sabini, lilisanifiwa na Mtanzania, Beda Amuli. Wengi tumelipita na ndoo za nyanya bila kuinua macho. Paa lake ni miavuli ya zege. Kila mwavuli umesimama kwenye nguzo yake, kivuli kinashuka, hewa ya moto inapata pa kutokea, maji ya mvua yanakusanywa. Julai 2021 liliungua, baadaye likakarabatiwa. Sasa niambieni, pale mchoraji anaishia wapi na mhandisi anaanzia wapi? Ule mwavuli ndio umbo na ndio mhimili. Wenye kozi za kuchanganya wanapotetea kozi yao, wana hoja, ndiyo maana sitaki kuwasikia mnaidharau ya Muscat. Aisome mtu anayeitaka.

Mkokoteni, wewe ramani yako ya laki mbili inajua upande gani wa kiwanja chako jua linazama?

Mkokoteni

Chumba changu cha kulala ndio kinapigwa na jua la jioni. Feni mpaka saa sita usiku. Tuendelee na mada.

Kifutio

Wakuu, shikamooni wote. Mrejesho, siku ya tisa.

Chuo cha Muscat walinitumia orodha baada ya kusumbua mara tatu. Mwaka mmoja wa maandalizi, kisha minne. Nimehesabu studio kama Abu Salim alivyosema: ziko tatu. Yanayobaki ni joto na mwendo wa hewa, umeme wa majengo, mihimili, usimamizi wa ujenzi. Bodi moja imenijibu kuwa wanaangalia cheti na mtaala wa mwombaji mmoja mmoja, nyingine bado iko kimya.

Jumamosi nikaenda saiti na futi kamba. Ngazi ya kwanza vimo vyote 165, 165, 166, 165, baba anajua kazi yake. Cha mwisho kabisa juu, 205. Nikapima tena. 205. Nikamwita. Akaja na mwiko mkononi, akatazama, akasema: "Hapo ndipo ilipobaki." Nikamuuliza ilibaki kutoka wapi. Akanionyesha sakafu ya juu, wameshapiga plasta na vigae, ngazi bado zege tupu. Ule unene wa plasta na vigae, milimita 40, aliyechora hakuuweka popote, na ngazi ikivishwa vigae vyenye unene usio sawa na huo, kimo cha mwisho bado hakitalingana na vingine. Baba akakaa kwenye kipandio cha tatu. Baada ya muda akasema, "Ndiyo maana vibarua wote wanajikwaa hapa na ndoo." Kisha akaniuliza kama huko Ardhi hayo wanafundisha.

Nimethibitisha Ardhi jana usiku. Mjomba nimemwandikia ujumbe mrefu wa heshima, nimemweleza na hizo studio tatu. Tiki mbili za bluu, jibu hakuna.

Mwaka wa Tatu, kuna mtu anauza meza ya kuchorea iliyotumika pamoja na rula ya T, elfu sitini. Ninunue au chuoni zipo?

Mwaka wa Tatu

Meza acha. Rula ya T kama haijapinda, mpe kumi. Ilaze juu ya kioo uangalie kama mwanga unapita chini yake.