Lori limehesabiwa, kiroba hakijafika

Kikundi: MAJIRANI NA JAMAA, TANGA
Jumapili usiku

Baba Neema: *Imesambazwa mara nyingi*
"MALORI 600 KILA SIKU YANAINGIA GAZA!! Njaa ni propaganda. Mwenye macho haambiwi tazama. Sambaza."

Baba Neema: Sijaandika mimi. Ila nauliza tu. 600 mara 30 ni malori 18,000 kwa mwezi, kwa watu milioni 2 na kidogo. Hapo nani analala njaa?

Bi Mwanaisha: Baba Neema jamani, na Jumapili yote hii.

Abuu: Uongo mtupu mzee wangu 🤦🏾‍♂️

Mwalimu Mstaafu: Abuu, taratibu. Kaleta hesabu, ajibiwe kwa hesabu. Shemeji wa Forodha yupo? Mambo ya mizigo ni yake.

Shemeji Forodha: Nipo. Shikamoo Baba Neema. Hiyo 600 ni namba ya kwenye makubaliano ya kusitisha vita, ya Januari 2025 na tena ya Oktoba 2025. Ya kwenye karatasi si ya getini, na ya getini si ya ghalani. Kontena kushushwa melini siyo kontena kufika dukani Korogwe.

Baba Neema: Marahaba. Haya, fafanua.

Shemeji Forodha: Chukua kiroba kimoja cha ngano, kilo 25, ukifuate. Kinashukia El-Arish, Misri, kama kilomita 45 kutoka Rafah, mpakani na Gaza. Kabla hakijapakiwa, orodha ya mzigo inaenda COGAT, ile idara ya jeshi la Israel inayosimamia mambo ya raia Gaza na Ukingo wa Magharibi. Bila kibali chao lori haliwashwi. Na imewahi kutokea kitu kimoja kikikataliwa, lori zima linageuzwa na foleni inaanza upya.

Shemeji Forodha: Likipita, linaenda Kerem Shalom (Waarabu wanapaita Karam Abu Salim), kwenye kona ambapo Misri, Israel na Gaza zinakutana. Mzigo unakaguliwa, paleti zinashushwa chini, lori la Misri linarudi lilikotoka. Haliingii Gaza! Anakuja dereva wa ndani na lori lake kuchukua. Madereva wa pande mbili hawaruhusiwi kuwa uwanjani kwa wakati mmoja. Mmoja atoke, ndipo mwingine aitwe.

Mama Junior (Admin): Si kama pale mpakani Horohoro tu?

Shemeji Forodha: Horohoro lori linavuka na mzigo wake, lakiri haiguswi. Pale kila kitu kinashushwa na kupakiwa upya. Sasa sikiliza hesabu inapovurugika. COGAT wanaandika lori likishaingia kivukoni. Umoja wa Mataifa wana mfumo unaoitwa UN2720, kutokana na azimio namba 2720 la Desemba 2023, nao unaonyesha kilichoshushwa, kilichochukuliwa na kilichofika. Tena malori mengine huja nusu tela ili ukaguzi uwe rahisi, halafu mzigo unajazwa vizuri kwenye lori la ndani. Kwa hiyo malori mawili ya COGAT yanaweza kuwa moja la Umoja wa Mataifa, na hakuna aliyedanganya.

Baba Neema: Basi usinihesabie malori. Nipe tani.

Da Zuhura (Lishe): Tani zipo. WFP, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, walisema zinahitajika zaidi ya tani 62,000 za chakula kwa mwezi kwa watu milioni 2.1. Ukigawa, ni kilo 29 na nusu kwa mtu kwa mwezi. Haifiki hata kilo moja kwa siku, na hapo ni ngano, dengu, mafuta, vitu vya kopo. Mboga hakuna.

Mwalimu Mstaafu: 62,000 gawanya kwa 30, tani 2,067 kwa siku. Lori la tani 20, yanatoka malori 103.

Baba Neema: Ehee! 103! Na ahadi ni 600. Nimewashika leo 😄

Shemeji Forodha: Subiri usishangilie. 103 ni chakula tu. Hema, dizeli, dawa, sabuni, vipuri vya pampu, vyote hivyo viko nje ya hiyo namba. Kabla ya Oktoba 2023 yalikuwa yanaingia kama malori 500 kila siku ya kazi, na wakati ule Gaza ilikuwa na mashamba, kuku, wavuvi na viwanda vyake. Leo vingi vimeharibiwa. Halafu ndani ya hiyo 600 kuna malori ya wafanyabiashara.

Da Zuhura (Lishe): Hapo pa biashara ndipo penye maneno. Mfanyabiashara analeta kinachotoka haraka: soda, chokoleti, biskuti. Ukipiga picha sokoni unaona rafu zimejaa. Ila mtoto anataka yai, samaki, maziwa, na hivyo bei yake haishikiki.

Abuu: Na hela yenyewe haipo. Tangu Oktoba 2023 noti mpya za shekeli haziingizwi Gaza, benki na mashine za kutolea pesa nyingi zimebomolewa. Mshahara unaingia kwenye simu, ukitaka taslimu anayekupa anakata. Katikati ya 2025 makato yalifika kama asilimia 40.

Mama Junior (Admin): ARUBAINI? Huku wakala akikata elfu mbili tunamwita mwizi.

Abuu: Na noti zilizobaki zimechakaa mpaka muuzaji anazikataa. Kuna watu kazi yao ni kuziunga kwa gundi.

Baba Neema: Sawa, lakini mmeruka kitu. Msaada unaibwa na Hamas. Israel hawakuanza kukagua kwa kupenda. Saruji ilikwenda kwenye mahandaki, mabomba yakawa roketi. Nani hapo anabisha?

Mwalimu Mstaafu: Mahandaki hayabishaniwi. Kuhusu chakula tuwe waangalifu. USAID, lililokuwa shirika la misaada la Marekani, walipitia taarifa za wizi wa misaada waliyoifadhili, matokeo yakatoka Julai 2025: hawakukuta ushahidi wa wizi mkubwa wa kupangwa wa Hamas. Serikali ya Marekani yenyewe iliyapinga matokeo hayo, na Israel hawakuyakubali. Wizi upo, wa mitaani. Novemba 2024 msafara wa malori 109 uliporwa kusini, karibu 100 yakapotea kwa usiku mmoja. Waliopora walikuwa magenge yenye silaha, na njia ya kupita msafara ulielekezwa na jeshi la Israel.

Shemeji Forodha: Jambo la njia lina uzito wake. Msafara haujichagulii barabara. Jeshi linasema pita hapa, saa hii. Ikiwa barabara ni moja na kila mtu anajua malori yatapita, genge linasubiri tu. Mzigo ukiwa kidogo bei inapanda, bei ikipanda kuiba kunalipa. Ingiza ngano nyingi kila siku kwa milango mitatu minne, kiroba kinashuka bei na mwizi anakosa soko. Hii si siasa, ni biashara ya kawaida ya mzigo.

Da Zuhura (Lishe): Na siyo magenge tu. Kuanzia Mei 2025 hadi kiangazi, malori mengi ya Umoja wa Mataifa yalimalizwa njiani, mengine na watu wenye njaa tu wanaopanda juu ya tela. Huwezi kumwita mtu wa namna hiyo Hamas.

Bi Mwanaisha: Mtu hajala siku mbili akiona ngano inapita, unategemea apunge mkono?

Baba Neema: Hapo Bibi nakubali.

Abuu: Mei hiyo mlango ulikuwa umetoka kufungwa wiki 11. Machi 2, 2025 Israel ilizuia kila kitu, chakula, dawa, dizeli. Wakafungua kidogo Mei 19.

Shemeji Forodha: Ndiyo. Mwisho wa Machi viwanda vyote 25 vya mikate vilivyokuwa vikisaidiwa na WFP vikazima. Na mkate si ngano peke yake. Unataka hamira, chumvi, maji safi, na gesi au dizeli ya tanuri. Kikikosekana kimoja, ngano inakaa ghalani. Gesi ya kupikia haikuingia tangu Machi hadi katikati ya Oktoba 2025, miezi 7 na ushee. Watu wakachoma mbao za milango, kisha plastiki.

Mama Junior (Admin): Plastiki chini ya chungu cha chakula? Mungu wangu.

Da Zuhura (Lishe): Ndiyo, na ndiyo maana yale maboksi ya GHF sikuyaelewa. Mnakumbuka, ule mpango uliosimamiwa na Wamarekani ulioanza mwisho wa Mei 2025. Vituo 4, wakati Umoja wa Mataifa ulikuwa na vituo kama 400 vya kugawia. Ndani ya boksi ni unga, tambi, mchele, maharage, mafuta. Wenyewe walisema boksi linalisha watu 5.5 kwa siku 3.5. Vyote vya kupika! Maji wapi, moto wapi?

Mwalimu Mstaafu: Na kulifuata boksi ni kutembea kilomita kadhaa kwa miguu, kupita karibu na jeshi. Mjane au mlemavu hafiki, anafika kijana mwenye nguvu. Ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ilihesabu waliouawa wakitafuta chakula kuanzia Mei 27 hadi Julai 31, 2025: watu 1,373. Kati yao 859 karibu na vituo hivyo, 514 kwenye njia za misafara. Ofisi hiyo inasema wengi waliuawa na jeshi la Israel. Jeshi linasema lilipiga risasi za onyo. Mpango wenyewe ulitangaza kufunga Novemba 2025.

Baba Neema: Mimi sitetei hayo. Ila msisahau nani aliwasha moto. Oktoba 7, 2023 waliuawa kama watu 1,200, wakatekwa 251. Na wetu wawili walikuwemo, vijana wa Kitanzania waliokwenda kujifunza kilimo. Wa pili mwili wake ulipatikana Novemba 2025, zaidi ya miaka 2. Mbona hilo kwenye kikundi hiki halisemwi mpaka niliposema mimi?

Bi Mwanaisha: Umesema kweli. Mungu awarehemu.

Mwalimu Mstaafu: Hapo sikubishii hata neno moja. Kuteka raia ni uhalifu, na kukaa na mwili wa mtoto wa watu miaka miwili ni ukatili. Lakini mtoto wa miaka 3 wa Khan Younis, huko Gaza, hakumteka mtu. Mahakama ya ICC iliwagusa wote: Novemba 21, 2024 ilitoa hati za kukamatwa kwa Netanyahu, waziri mkuu wa Israel, na Gallant, aliyekuwa waziri wake wa ulinzi, na siku hiyohiyo kwa Mohammed Deif wa Hamas. Kwa wale wawili shitaka mojawapo ni kutumia njaa kama njia ya vita. Israel inakana.

Abuu: Ndege je? Mbona walidondosha chakula kwa miavuli.

Shemeji Forodha: Picha nzuri, mzigo mdogo. Ndege moja hubeba chini ya lori au kama lori moja, kwa gharama mara nyingi zaidi. Machi 2024 mwavuli haukufunguka, watu 5 wakafa chini ya mzigo. Na ile gati ya kuelea ya Wamarekani, makadirio dola milioni 230, ilianza Mei 2024, mawimbi yakaivunja, ikafanya kazi siku kama 20 tu. Wakati Kerem Shalom ina lami.

Mama Junior (Admin): Da Zuhura, hili neno "baa la njaa" wanalitangazaje? Au mtu anaamka tu anasema?

Da Zuhura (Lishe): Hapana, kuna vipimo, mfumo unaitwa IPC. Vitu vitatu: kaya 20 katika 100 zina uhaba wa chakula uliopindukia, watoto 30 katika 100 wana utapiamlo mkali kwa uzito na urefu, au 15 kama unapima kwa utepe wa mkono, na vifo 2 kwa siku kwa kila watu 10,000. Utepe ni ule wa kliniki: chini ya sentimita 12.5 anahesabiwa, chini ya 11.5 ni nyekundu. Agosti 22, 2025 ndipo walipotangaza kwa mkoa wa Gaza, ule wenye Jiji la Gaza. Israel waliikataa ripoti.

Da Zuhura (Lishe): Na mtoto akishafika nyekundu na ana matatizo mengine, humpi wali tu. Anaanza na maziwa ya tiba ya F-75, kidogo kidogo kila saa 2 au 3, mwili ukitulia ndipo F-100 au ile siagi ya karanga ya pakiti, gramu 92, kalori 500. Ukimshindilia chakula ghafla chumvi za mwilini zinavurugika, moyo unaweza kusimama. Kwa hiyo hata ukifungua milango yote leo, wodi haiponi kesho.

Baba Neema: Hilo sikulijua.

Baba Neema: Swali la mwisho. Kama njaa ilitangazwa Jiji la Gaza, na Kerem Shalom iko kusini, kwa nini wasipitishie kaskazini?

Shemeji Forodha: Umegusa penyewe. Ukanda wote ni kama kilomita 41 kwa urefu, Kerem Shalom iko mwisho wa kusini. Kaskazini kuna mlango wa Zikim. Ulifungwa Septemba 12, 2025, wiki tatu baada ya njaa kutangazwa, ukafunguliwa Novemba 12. Miezi 2 kamili, na mwezi wa pili mapigano yalikuwa yameshasitishwa.

Abuu: 😶

Baba Neema: Bado nasema Hamas waweke silaha chini.

Abuu: Na mimi bado nasema milango ifunguliwe yote.

Mwalimu Mstaafu: Hayo mawili hayagombani.

Baba Neema: Narudi kwenye kile kikundi nilikoutoa ujumbe. Nauangalia tena hapa, aliyeuandika hakutaja hata malori yaliingilia mlango upi.

Shemeji Forodha: Wala tarehe.