Msimu wa korosho unakaribia na mfuko wangu wa chakula umepunguzwa: nifungashe nini ghalani?

Karani wa Korosho, Mtwara

Habari za jioni ndugu zangu. Nilifanyiwa upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula Dar, ule wa kuukata ukabaki mwembamba kama ndizi. Supu na vyakula vya kusagwa nimeshavuka, sasa naruhusiwa vya kawaida, na nimeambiwa nipate protini gramu 60 mpaka 80 kwa siku. Nyumbani Shangani naweza. Tatizo ni kazini: mimi ni karani wa chama cha msingi, ushirika wa wakulima wa korosho kijijini, na Oktoba ikiingia tunapokea mizigo asubuhi mpaka giza. Mama ntilie ni mmoja tu, ana ugali wa muhogo na maharage, au wali na samaki wa kukaanga. Sahani yake moja kwangu ni chakula cha siku mbili. Nikibakiza naonekana nina dharau, nikila haraka kinanikwama kifuani na natapika. Nibebe nini kisichoharibika na joto hili? Poda za protini siziwezi, bei yake ni kubwa mno.

Mama Zuhura, Lindi

Mdogo wangu, pole na hongera kwa pamoja. Mimi ni mwalimu, nilifanyiwa kama wewe, na poda sijanunua tena tangu nianze kula vya kutafuna. Pwani yetu ina samaki, tuwatumie.

Jumamosi nanunua nguru au changu boti zikirudi. Namchemsha kwa ndimu, tangawizi na kitunguu, natoa miiba yote kwa vidole, halafu namrudisha kwenye mchuzi wa nyanya na tui jepesi kidogo. Mchuzi huo ni lazima. Samaki mkavu aliyepashwa moto ndiye anayekwama kifuani, hata ungemtafuna vipi. Kipimo changu ni kikombe cha kahawa, vile vidogo vya kauri: viwili vya samaki, kimoja cha mbaazi au kisamvu, vinaingia kwenye kikopo chenye mfuniko, kisha friza. Samaki wa gramu 100 akishapikwa ana protini gramu 20 na kitu. Vikopo viwili kazini, kimoja usiku, na mayai mawili ya kuchemsha katikati ya siku, gramu 60 umeshazivuka.

Beba kwenye boksi la barafu pamoja na chupa ya maji iliyoganda. Mama ntilie mfanye rafiki: akupashie kwenye kisufuria chake, umlipe bei ya sahani. Kaa mkekani na wenzako, kula pamoja nao taratibu, wala usieleze habari za tumbo lako kwa mtu. Anza na samaki. Ugali wa muhogo ni wanga karibu mtupu, ukiutanguliza nafasi imekwisha.

Na hizo korosho zinazokuzunguka! Gramu 100 zina kalori karibu 550, na zinashuka kirahisi bila kukushibisha. Hesabu chache kiganjani, mfuko ufunge.

Muuguzi, Masasi

Naunga mkono, na naongeza. Dada Karani, hiyo ya kutapika usiichukulie kama kawaida ya waliopasuliwa. Tonge liwe dogo, weka kijiko chini kila unapotafuna, na ukisikia kifua kinabana, acha hapo hapo hata kama kikopo hakijaisha. Ikiendelea siku kadhaa, rudi kwa waliokupasua: kutapika mfululizo kunaweza kumaliza vitamini B1 mwilini, na madhara yake huenda kwenye neva.

Maji usinywe na chakula, ngoja dakika 30 baada ya kula. Lakini kwa jua la ghalani, katikati ya milo chupa isikae mbali, funda dogo dogo. Soda acha. Chai ya rangi isifuatane na mlo, inazuia madini ya chuma. Vidonge vya chuma na vya kalsiamu vipishane angalau saa mbili. Hivyo na vitamini utakavyoelekezwa ni vya maisha yote, usiache kwa kuwa unajisikia vizuri.

Barafu ikiyeyuka yote na joto limepita nyuzi 32, chakula kilichokaa nje zaidi ya saa moja kitupe. Inauma, najua, hasa akiwa nguru.

Karani wa Korosho, Mtwara

Shikamoo Mama Zuhura, na asante muuguzi. Hilo la kupanga na mama ntilie sikuwa nimelifikiria kabisa. Kesho napita feri kuulizia nguru. Mbaazi unapika zivurugike au punje zibaki?

Mama Zuhura, Lindi

Marahaba. Loweka usiku, pika mpaka zivurugike kabisa, na ganda gumu likibaki lichuje. Punje nzima zisubiri mpaka tumbo lizoee.