Kuhama Minnesota kwenda Texas: “hakuna kodi ya mapato” inamsaidia nani?

Kutoka: Mama wa watatu, Brooklyn Park

Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu.

Naomba ushauri. Mimi na mume wangu tuko Brooklyn Park, hapa Minnesota, tuna watoto watatu, wote wanasoma. Mimi nafanya kazi makao ya wazee, mwenzangu yuko ghala. Tukijumlisha tunaingiza kama dola 60,000 kwa mwaka kabla ya makato. Shemeji yangu yuko upande wa Dallas, na kila akipiga simu wimbo ni huo huo: hameni, huku hakuna kodi ya mapato, mshahara unaupokea mzima, nyumba rahisi, na baridi mtaisahau. Mume wangu ameshaanza kutafuta nyumba ya kupanga Fort Worth. Mkataba wetu wa pango unaisha Mei, na mwenye nyumba anataka jibu mapema.

Mliokaa pande zote mbili, je, huo mshahara “mzima” upo kweli? Na watoto wataathirika vipi?

---

Kutoka: Mzee wa St. Paul

Marahaba mwanangu. Nimekaa Houston kabla ya kuja huku, na kila msimu wa kodi najitolea kuwajazia watu ritani, yaani fomu za kodi za mwaka. Niruhusu nieleze kwa kirefu, maana swali lako naulizwa kila mwaka na mara nyingi linakuja baada ya gari la kuhamisha vyombo kulipiwa.

Kwanza, hakuna mshahara mzima Marekani hii. Kodi ya serikali kuu iko pale pale, asilimia 6.2 ya Social Security (pensheni) na 1.45 ya Medicare (bima ya afya ya wazee) zinakatwa ukiwa Dallas au Duluth ya huku Minnesota. Kinachopungua Texas ni mstari mmoja tu kwenye hati ya mshahara, ule wa jimbo. Swali ni mstari huo kwenu una ukubwa gani.

Nachukua viwango vya 2024, ambavyo hupanda kidogo kila mwaka. Mke na mume wakijaza pamoja Minnesota, dola 29,150 za mwanzo hazitozwi kodi ya jimbo. Kila mtoto anaongeza 5,050. Kwa watoto watatu jumla inakuwa 44,300. Toa hizo kwenye 60,000, inabaki 15,700, na ngazi ya kwanza ya kodi ni asilimia 5.35. Unapata dola 840 hivi kwa mwaka mzima. Hiyo ndiyo kodi ambayo shemeji anakukimbizia.

Sasa geuza karatasi. Minnesota kuna krediti ya mtoto, dola 1,750 kwa kila mtoto chini ya miaka 18, na hata usipodaiwa kodi yoyote unapewa fedha taslimu. Kwa mke na mume inaanza kupungua kipato kinapopita kama dola 36,900. Kwa kipato chenu mngebaki na zaidi ya dola 2,400. Ukiondoa ile 840, jimbo ndilo linalokupa wewe zaidi ya dola 1,500. Angalieni ritani yenu ya mwaka jana. Wengi wanaona marejesho yameingia benki wakadhani yote yametoka Washington. Na wenye ITIN, ile namba ya kulipia kodi, wasio na namba ya Social Security nao wanaruhusiwa kudai krediti hii, hilo liwafikie na majirani.

Texas serikali inapata wapi fedha basi? Shule, barabara na polisi wapo, na lazima vilipwe. Zinatoka kwenye kodi ya mauzo, asilimia 6.25 ya jimbo na hadi 2 za mji au kaunti, na kwenye kodi ya majengo. Unga, mchele na mboga havitozwi, nisiwe mwongo. Lakini viatu vya watoto watatu, sare, sabuni, matairi, meza ya kusomea, vyote vinaongezewa asilimia 8.25, ukitoa wikiendi moja ya Agosti ambapo nguo na vifaa vya shule vya chini ya dola 100 vinasamehewa. Minnesota nguo na viatu hazitozwi mwaka mzima. Ila msidhani huku kodi ya mauzo ni ndogo: tangu Oktoba 2023 imeongezwa asilimia 1 kwenye kaunti zote za Twin Cities, yaani eneo la Minneapolis na St. Paul, na hapo kwenu inapita asilimia 8.

Kodi ya majengo ndiyo wapangaji hawaioni. Hupati bili, lakini mwenye nyumba analipa na anaiweka ndani ya pango lako. Ndiyo maana taasisi ya ITEP, ambayo hupima kodi za majimbo yote, ilipotoa hesabu zake za 2024 ilikuta Texas ile sehemu moja ya tano ya watu wenye kipato cha chini kabisa inalipa karibu asilimia 12.8 ya kipato chao kwenye kodi za jimbo na mji, na ile asilimia 1 ya matajiri inalipa 4.6. Minnesota ilikutwa ndilo jimbo ambalo mzigo huo umeegemea wenye nacho kuliko majimbo mengine yote. Sababu haihitaji profesa. Anayepata kidogo anatumia chote dukani na kwenye pango. Mwenye nacho anaweka akiba na hisa, na Texas hapo haimgusi. Tena mwaka 2019 wapiga kura waliandika kwenye katiba ya jimbo kwamba kodi ya mapato ya mtu binafsi ni marufuku, kwa hiyo mlango huo umefungwa.

Hebu tazama mwaka 2023, majimbo yote mawili yalipoamka na fedha nyingi kuliko yalivyotarajia. Texas ilikuwa na ziada ya zaidi ya dola bilioni 32, Minnesota zaidi ya bilioni 17. Texas ilichukua kama bilioni 18 ikapunguza kodi ya majengo: mwenye nyumba anayoishi akasamehewa dola 100,000 za thamani kwenye kodi ya shule, na Novemba 2025 ikapanda hadi 140,000. Mpangaji hakupewa hata fomu ya kujaza. Minnesota mwaka huo huo ikaleta ile krediti ya mtoto, ikaanza kulisha watoto wote shuleni kifungua kinywa na chakula cha mchana bila kuuliza mzazi anapata nini, na ikatenga fedha za North Star Promise, ambapo tangu muhula wa vuli 2024 mtoto wa familia iliyo chini ya dola 80,000 anasoma vyuo vya umma vya jimbo bila ada. Mkubwa wako yuko darasa la ngapi? Hilo peke yake laweza kuwa kubwa kuliko kodi zenu za miaka kumi.

Mimi nasema wazi, uamuzi wa Texas haukuwa wa haki kwa watu wetu. Wageni wengi tunaanza kwa kupanga, tunakaa kwenye pango miaka, na tunalipa kodi ya majengo kupitia mfuko wa mtu mwingine. Halafu nafuu inapokuja inaishia kwa yule mwenye hati ya nyumba. Na kampuni kubwa zilikuwa na sheria yao, Sura ya 313, iliyozipunguzia kodi ya shule kwa miaka 10. Ilikufa mwisho wa 2022, na mwaka uliofuata Bunge la jimbo likapitisha nyingine ya kufanana nayo.

Afya. Texas haijapanua Medicaid, bima ya serikali ya wenye kipato kidogo. Watoto wenu wangeangukia CHIP, bima ya serikali ya watoto, hawataachwa. Nyinyi wazazi mngenunua bima kwenye soko la bima la serikali au kutegemea ya mwajiri, na ruzuku ya ziada ya serikali kuu kwa bima hizo ilikwisha mwisho wa 2025. Hapa, familia ya watu watano kwa kipato chenu mnaweza kuingia MinnesotaCare, bima ya jimbo, kama kazini hamna bima ya bei nafuu na hati zenu za ukaazi zinaruhusu. Minnesota nayo imetuumiza hapo: Januari 2025 iliwafungulia MinnesotaCare watu wasio na hati, na mwaka huo huo ikaamua kuwafungia watu wazima kuanzia Januari 2026. Kuna watu wa hapa kundini walioanza dawa za kisukari wakanyang'anywa kadi kabla ya mwaka kuzunguka. Siwezi kulipamba.

Jingine la mume wako. Ghala nyingi za Dallas zinalipa vizuri, lakini kima cha chini cha Texas ni dola 7.25, kile kile cha tangu 2009, na cha Minnesota kwa mwaka 2026 ni 11.41. Akikosa ghala akaenda ujenzi, ajue kwamba Austin na Dallas ziliwahi kuwa na kanuni ya mapumziko ya dakika 10 kila saa nne ili fundi anywe maji, na mwaka 2023 jimbo likapitisha sheria ya kuzifuta kanuni za miji za namna hiyo. Joto la Julai la kule analijua shemeji. Huku tangu Januari 2026 tunakatwa hadi asilimia 0.44 kwa ajili ya likizo yenye malipo, kwenu kama dola 264 kwa mwaka. Watu wananung'unika, ila ukijifungua au mama mkwe akilazwa, utalipwa ukiwa nyumbani, hadi wiki 12.

---

Kutoka: Dereva wa lori, Fort Worth

Salamu wote. Mzee shikamoo, hesabu zako nimezipitia na kwa familia inayopanga sina pa kubisha. Ila naomba upande wetu usikike pia.

Mimi na mke wangu, yeye ni nesi, tulitoka Minneapolis na tunaingiza vizuri zaidi ya huyo dada. Kwetu kodi ya jimbo ilikuwa inauma, na kuiepuka ndiko kulikotuwezesha kuweka depoziti ya nyumba. Nyumba tuliyonunua huku, Minnesota tusingeigusa. Kwa hiyo jibu linategemea unaingiza nini na utanunua lini.

Dada, mkija, shikeni haya. Siku mkinunua nyumba, jazeni fomu ya homestead, ile nafuu ya kodi kwa nyumba unayoishi mwenyewe, kwenye ofisi ya ukadiriaji ya kaunti. Ni bure, mkiona barua ya mtu anayetaka dola 50 awajazie itupeni. Ukishaipata, thamani ya kutozwa haiwezi kupanda zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Makadirio yakija juu, kata rufaa kabla ya Mei 15, wengi wetu tunapunguziwa. Kabla ya kusaini nyumba mpya za nje ya mji ulizeni kama iko ndani ya MUD, yaani wilaya ya maji inayotoza kodi yake juu ya zile nyingine. Nyumba ya dola 300,000 kwenye MUD inaweza kuwaletea bili ya dola 5,000 au 6,000 kila mwaka, na hiyo haiishi hata mkimaliza mkopo.

Umeme huku unachagua kampuni mwenyewe. Chukueni bei isiyobadilika. Februari 2021, baridi ile ilipoangusha gridi, waliokuwa kwenye bei inayofuata soko walipata bili za maelfu ya dola. Na barabara za kulipia, jamani. Kama kazi iko upande wa pili wa mji, hesabuni tolo kwa mwezi kabla ya kuchagua mtaa.

Shemeji yako hadanganyi, dada. Anaona maisha yake yamenyooka na anataka ndugu karibu, na hilo nalo lina thamani yake. Sisi huku tuna ibada ya Kiswahili, watoto wana mabinamu. Ila asikuambie ni kwa sababu ya kodi.

---

Kutoka: Mama wa watatu, Brooklyn Park

Asanteni sana, Mungu awabariki. Jana usiku tumekaa mezani na ritani yetu, na mzee umesema kweli: marejesho ya jimbo yalikuwa makubwa kuliko tulichokatwa. Mume wangu alikaa kimya akaiangalia mara ya pili. Mkubwa wetu yuko darasa la kumi, kwa hiyo la chuo limetugusa. Tumekubaliana kuongeza mkataba mwaka mmoja, na shemeji tutamtembelea kiangazi.

Swali moja la mwisho. Kuna mtu kazini kaniambia wapangaji Minnesota nao wanarudishiwa kitu. Mwenye nyumba wetu hajawahi kutupa karatasi yoyote.

---

Kutoka: Mzee wa St. Paul

Ndiyo, mwanangu, na mnastahili. Inaitwa krediti ya mpangaji, na tangu ritani za 2024 inajazwa pamoja na ritani ya jimbo, fomu M1RENT. Kwa kipato chenu inaweza kuwa dola mia kadhaa. Mwenye nyumba anatakiwa kisheria kukupa hati ya pango lililolipwa, CRP, kabla ya Januari 31. Mwandikie leo kwa maandishi, usipige simu tu. Akikataa, piga idara ya kodi ya jimbo uombe kiapo cha pango kitumike badala yake, uwe na mkataba wako na risiti za malipo mkononi. Kama 2024 hamkudai, ritani hiyo bado inaweza kurekebishwa, msiiache.

Jumamosi niko ukumbini na kompyuta kuanzia saa nne asubuhi. Njooni na W-2 zote mbili (hati za mshahara wa mwaka), namba za Social Security za watoto, mkataba wa pango na ritani ya 2024. Na kama kuna jirani mpangaji ambaye hajawahi kuiona hiyo CRP, mje naye.