Shinikizo la damu limefika nafasi ya tatu kwenye MTUHA: tukate fungu la malaria?

Mpangaji_Halmashauri

Wakuu, habari za kazi. Tuko kwenye maandalizi ya CCHP (mpango kabambe wa afya wa halmashauri) na timu imegawanyika. Kwenye MTUHA (mfumo wa taarifa za huduma za afya), katika orodha ya magonjwa kumi yanayoongoza kwa wagonjwa wa nje, shinikizo la damu limetoka nafasi ya tisa hadi ya tatu ndani ya miaka mitatu, na kisukari kimeingia kwenye orodha kwa mara ya kwanza. Malaria imeshuka. Wapo wanaotaka tukate fungu la malaria tulipeleke kwenye magonjwa yasiyoambukiza, na wapo wanaosema takwimu zenyewe si za kuaminika.

Naomba msaada kwenye mambo matatu. Je, ugonjwa umeongezeka kweli au ni namna tunavyohesabu? Tukadirie vipi dawa na vifaa? Na hilo la malaria mnalionaje? Halmashauri yetu ina watu kama 300,000, Tanzania bara.

Mtakwimu_MTUHA

Mkuu, kabla ya kugusa bajeti fungueni kitabu namba 5 chenyewe (rejesta ya wagonjwa wa nje), msiishie kwenye jedwali la DHIS2 (mfumo wa kompyuta unaojumlisha ripoti za vituo). Orodha ya magonjwa kumi inahesabu utambuzi wa ugonjwa kwa kila hudhurio. Mtoto mwenye malaria anakuja mara moja, anapona, anahesabiwa moja. Mama mwenye presha anayechukua dawa kila mwezi anaweza kuhesabiwa mara kumi na mbili kwa mwaka. Wagonjwa 200 wanaohudhuria vizuri wanatoa tarakimu 2,400, na mtu wa mbali akiiona anadhani ni mlipuko.

Chagueni vituo vitatu, kimoja cha mjini, kimoja cha kijijini na hospitali. Chukueni mwezi mmoja wa mwaka huu na mwezi uleule miaka mitatu nyuma. Tenganisheni wagonjwa wapya na marudio kwa kupitia mstari kwa mstari, mkilinganisha jina, umri na kijiji. Ni kazi ya kuchosha lakini haihitaji fedha. Wakati huohuo angalieni kama mashine za presha ziliongezeka kipindi hicho, kwa sababu kituo kisicho na mashine hakina wagonjwa wa presha kwenye kitabu. Angalieni pia ukamilifu wa taarifa: kama miaka mitatu iliyopita vituo 8 kati ya 10 vilituma ripoti na sasa vinatuma vyote, sehemu ya ongezeko ni makaratasi tu.

Kwa upande wa malaria, mwaka 2010 WHO ilielekeza kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza kabla ya kupewa dawa. Kabla ya mRDT (kipimo cha haraka cha malaria) kuenea, karibu kila homa iliandikwa malaria. Sehemu ya mshuko mnaouona kwenye mfululizo mrefu ni homa zilizobadilishwa jina. Lakini mshuko wa kweli upo: kwenye tafiti za kitaifa za kaya, maambukizi kwa watoto wa miezi 6 hadi 59 yalikuwa karibu 18% mwaka 2007/08 na karibu 8% mwaka 2022. Na vifo vya watoto chini ya miaka mitano vilishuka kutoka 112 kwa kila vizazi hai 1,000 (2004/05) hadi 43 (2022). Watoto wanaonusurika wanakua, na miaka ya mbele watafika arobaini na hamsini, umri ambao presha na kisukari vinaanza kuonekana. Hata kama hatari kwa mtu mmoja haitabadilika kabisa, idadi ya wagonjwa itapanda.

Kwa hiyo jibu la swali la kwanza ni yote mawili, na kazi yenu ni kujua kila upande umechangia kiasi gani. Kipimo kizuri cha pembeni ni wodi: idadi ya waliolazwa kwa kiharusi, moyo kushindwa kufanya kazi na vidonda vya kisukari. Hao hawaongezeki kwa sababu ya mashine mpya zahanati. Kwenye vifo kuweni waangalifu, maana vyeti vingi vinaandikwa "moyo kusimama". Kila anayekufa moyo wake husimama, hicho si chanzo. Rudini kwenye faili mtafute ugonjwa ulioanzisha mfululizo.

Mfamasia_wa_Wilaya

Nijibu la pili, maana hapa ndipo fedha nyingi zinapopotea, na zinapotea kwa njia mbili zinazopingana.

Njia ya kwanza ni kutumia matumizi ya nyuma bila marekebisho. Kituo kilitumia vidonge 9,000 vya amlodipine (dawa ya presha) kwa robo mwaka, mnaagiza 9,000. Kumbe ndani ya siku 90 dawa ilikuwa haipo siku 45. Mahitaji halisi ni 18,000. Msiporekebisha kwa siku za ukosefu, upungufu wa mwaka huu unageuka kuwa kipimo cha mwaka kesho, na mnaendelea hivyo miaka yote.

Njia ya pili ni kuchukua asilimia ya kitaifa na kuagizia watu wote. Utafiti wa STEPS (utafiti wa kitaifa wa vihatarishi vya magonjwa yasiyoambukiza) wa 2012 ulionyesha takriban 26% ya watu wa miaka 25 hadi 64 wana shinikizo la juu. Kwa halmashauri yenu, chukulieni kwamba theluthi moja ya watu, yaani 100,000, wako kwenye umri huo. Mnapata wagonjwa 26,000. Mkiagizia hao wote, dawa zitaisha muda wake stoo, kwa sababu wengi wao hawajawahi hata kupimwa.

Anzieni katikati. Wekeni lengo la watu watakaokuwa kwenye huduma mwisho wa mwaka, tuseme 15% ya hao, yaani 3,900. Kama 60% watatulia kwa amlodipine 5 mg na 40% watahitaji 10 mg (vidonge viwili vya 5 mg), hesabu kwa mwezi ni 2,340 × 30 = 70,200, na 1,560 × 60 = 93,600. Jumla 163,800. Theluthi moja hivi wakiongezewa dawa ya pili ya presha, losartan 50 mg, ni vidonge vingine kama 39,000. Hizo asilimia za mgawanyo ni za kuanzia tu. Baada ya robo ya kwanza wekeni zenu. Hao 3,900 hawaingii wote Julai mwaka wa fedha unapoanza, kwa hiyo msiagize mwaka mzima kwa mpigo. Pandisheni kila robo, na ongezeni akiba ya miezi miwili.

Mambo madogo yanayoharibu mpango mzima:

Stripu za glukomita (mashine ya kupimia sukari) hazibadilishani. Zahanati yenye mashine za aina tatu tofauti itakuwa na stripu kabatini na bado haipimi mtu. Chagueni aina moja kwa halmashauri yote, na kwenye PlanRep (mfumo wa kupangia bajeti) muandike stripu na lanseti (sindano za kutobolea kidole) kama mstari wake wenyewe, si "vifaa tiba vinginevyo". Kichupa kikishafunguliwa stripu huharibika kwa unyevu, na aina nyingi zinatakiwa kumalizika ndani ya miezi michache, kwa hiyo zahanati ndogo ipewe vichupa vya 25 na si vya 50.

Mashine ya presha inunuliwe na mikanda miwili: wa kawaida kwa mzunguko wa mkono wa sentimita 22 hadi 32, na mkubwa wa 32 hadi 42. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene unapandisha kipimo, na mtu asiye mgonjwa anaanzishiwa dawa ya maisha. Betri nazo ziwekwe kwenye bajeti.

Insulini inakaa kwenye nyuzi 2 hadi 8. Ikiganda imeharibika hata ikiyeyuka na kuonekana safi, kwa hiyo isiegemezwe kwenye ukuta wa barafu wa jokofu la chanjo.

Kabla ya yote, angalieni kwenye NEMLIT (orodha ya taifa ya dawa muhimu) dawa mnayotaka imeruhusiwa kuanzia ngazi gani. Na kwa kuwa fedha za mfuko wa pamoja wa afya (wa wafadhili) zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti za vituo tangu 2017/18, CHMT (timu ya uendeshaji wa afya ya halmashauri) kuweka mstari kwenye mpango wa halmashauri hakutoshi. Kila mpango wa kituo uwe na mstari wake, la sivyo bohari ikikosa dawa kituo hakitakuwa na kifungu cha kununulia kwa mshitiri (msambazaji binafsi aliyeidhinishwa).

Mratibu_Malaria

Msikate. Au tuseme hivi: msikate kwa kutumia nafasi kwenye orodha.

Nchi hii ina mfano wake. Mradi wa TEHIP, ulioanza miaka ya 1990 katika wilaya za Rufiji na Morogoro, ulilinganisha mzigo wa magonjwa na bajeti ya wilaya. Ulikuta malaria inabeba karibu 30% ya miaka ya maisha iliyopotea lakini inapata karibu 5% ya bajeti. Timu za wilaya zilipopewa takwimu za mzigo, zana rahisi za kupangia na nyongeza isiyozidi dola moja kwa kila mkazi kwa mwaka, vifo vya watoto vilishuka kwa zaidi ya 40% ndani ya miaka mitano. Ninachosisitiza ni kwamba walipima miaka ya maisha inayopotea. Hawakupima idadi ya mahudhurio. Fanyeni hivyohivyo leo na mtaona kiharusi cha mtu wa miaka 50 kina uzito mkubwa kuliko nafasi yake kwenye orodha, na malaria ya mtoto wa mwaka mmoja pia.

Pili, malaria imeshuka kwa sababu fedha zipo. Zanzibar kampeni iliyoisha 1968 ilishusha maambukizi hadi chini ya 5%. Kazi ilipoachwa, ugonjwa ulirudi kwa nguvu ndani ya miaka michache, ukakuta watu waliopoteza kinga.

Tatu, inategemea mko wapi. Arusha, Manyara na Kilimanjaro maambukizi yako chini ya 1%. Tabora na Mtwara yanazidi mara mbili ya wastani wa taifa. Kama mko kwenye ukanda wa chini, mnaweza kupunguza idadi ya dawa mseto za malaria mnazoagiza, kwa sababu wagonjwa ni wachache, lakini fedha za ufuatiliaji wa kila mgonjwa na akiba ya mlipuko zibaki. Kama mko ukanda wa juu, fedha za presha zitafutwe kwingine: posho za semina, mafuta ya usimamizi usio na ratiba, dawa zinazoisha muda. Pigeni hesabu ya dawa zilizoteketezwa mwaka jana muone.

Afya_Kaunti_KE

Kutoka Kenya, nyongeza moja kuhusu mpangilio wa kazi. Utafiti wetu wa STEPS wa 2015 ulionyesha zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa presha. Mwaka 2023 wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 walipewa mikoba yenye mashine ya presha na glukomita ili wapime watu nyumbani. Ni hatua kubwa na naiunga mkono. Ila mkianza kupima nyumba kwa nyumba kabla zahanati haijawa na dawa, mtu anatembea kilomita kumi na barua ya rufaa, anaambiwa akanunue duka la dawa, na harudi tena. Mkimpoteza hapo, kumrudisha ni vigumu kuliko kumpata mara ya kwanza. Dawa za miezi mitatu ziwe stoo kwanza, ndipo upimaji uanze, kata moja baada ya nyingine.

Mpangaji_Halmashauri

Asanteni sana, mmenifungua macho. Swali la mwisho: tukiacha nafasi kwenye orodha, tupime mafanikio kwa kitu gani? Wakubwa wanataka namba moja.

Mtakwimu_MTUHA

Wapeni hii: kati ya wote walioandikishwa robo fulani, wangapi wana presha chini ya 140/90 kwenye hudhurio la mwisho miezi sita baadaye. Aliyepotea anabaki kwenye kigawanyo na anahesabiwa hajadhibitiwa. Ndivyo kifua kikuu kilivyofuatiliwa hapahapa Tanzania na Karel Styblo kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, kundi la robo moja likifuatwa hadi mwisho wa dozi, na wauguzi wenu wa CTC (kliniki ya matunzo na tiba ya VVU) wanaujua utaratibu huo. Mnahitaji kadi moja kwa mgonjwa, namba isiyobadilika, na sanduku la kadi lililopangwa kwa mwezi wa kurudi. Kadi zilizobaki nyuma mwezi ukiisha ndiyo orodha ya kupigiwa simu.

Na jambo moja liandikeni kwenye maelezo ya mpango mapema. Mgonjwa aliyetulia mpeni dawa za miezi mitatu. Wagonjwa 3,900 wakija kila mwezi ni mahudhurio 46,800 kwa mwaka. Wakija kila miezi mitatu ni 15,600, na muuguzi anapata dakika tano za kumpumzisha mgonjwa kabla ya kumpima. Lakini kwenye MTUHA presha itaonekana imeshuka kwa theluthi mbili. Msipoeleza sababu sasa, kikao cha bajeti cha mwaka kesho kutakuwa na mtu wa kusema presha imepungua, tukate fungu lake.