Mtoto aliyejificha nyuma ya viganja

Shangazi: Wanangu, leo mjukuu wangu wa miaka mitatu alisimama katikati ya chumba, akafunika macho kwa viganja, akaniambia kwamba simwoni. Nilipomjibu kuwa naona hata vidole vyake vya miguu, alikasirika kwelikweli. Je, huo ni mchezo tu, au anaamini asemalo?

Halima: Shikamoo, Shangazi. Anaamini, na tafadhali usimcheke. Watafiti waliowauliza watoto wa umri huo walikuta kwamba wengi hukubali kuwa mwili wao unaonekana, lakini wao wenyewe hawajaonekana mpaka macho yakutane na macho.

Mjomba: Basi ni kama alivyosema Piaget, yule mwanasaikolojia wa Uswisi, kwamba mtoto mdogo hajui kuwa mwenzake anaona tofauti.

Halima: Shikamoo, Mjomba. Hapo namkubali nusu tu. Piaget aliwaweka watoto mbele ya mfano wa milima mitatu, akawataka wachague picha ya kile anachokiona mwanasesere aliye upande wa pili, na wadogo wakachagua walichokiona wao; lakini mwanasaikolojia Martin Hughes alipowataka wamfiche mwanasesere nyuma ya kuta ili polisi wasimwone, hata wa miaka minne wengi walifaulu. Mwanasaikolojia mwingine, John Flavell, alitenganisha mambo mawili: kujua kama mwenzako anakiona kitu, na kujua kinavyoonekana kwake. Ukiweka picha ya kobe mezani kati yako na mtoto wa miaka mitatu, anajua kwamba nyote mnamwona, ila kwa kawaida hatambui kuwa kobe aliyesimama kwa miguu upande wake, kwako amelala chali.

Mjomba: Marahaba. Na wanyama je? Mbwa wangu hagusi chakula nilichomkataza maadamu namtazama; nikigeuka, sikikuti.

Halima: Majaribio yanakuunga mkono, kwani mbwa huiba zaidi hata mtu akifumba macho tu. Mwaka 2000 ilionekana pia kwamba sokwe mnyonge hupendelea chakula ambacho mbabe wake hawezi kukiona. Lakini huenda mnyama anafuata tu macho na kichwa cha mwenzake, ndiyo maana jaribio la kunguru la mwaka 2016 linanivutia zaidi: kunguru waliokwisha kuchungulia wenyewe kupitia kitundu walificha chakula kwa hadhari waliposikia sauti za kunguru wengine huku kitundu kiko wazi, ingawa hapakuwa na jicho lolote la kutazamwa.

Shangazi: Marahaba, Halima. Nimemuuliza sasa hivi, viganja vikiwa usoni, kama naliona shati lake, akasema ndiyo. Nikamuuliza kama namwona yeye, akakataa. Kisha akashusha mikono, akanitazama, akasema, "Sasa umeniona."