Naomba ushauri: mke wangu ana damu ya kundi O hasi, mimi O chanya, mimba ya pili

Habari zenu ndugu zangu. Mke wangu ana mimba ya wiki 26. Mtoto wetu wa kwanza ni chanya kama mimi, alizaliwa salama, lakini mama yake hakuchomwa sindano ya anti-D (ya kuzuia mwili wa mama mwenye damu hasi usipambane na damu chanya ya mtoto) ndani ya saa 72 baada ya kujifungua. Hatukuambiwa, nasi hatukujua kuuliza. Inaniuma mpaka leo.

Daktari wa sasa anasema huenda damu ya mtoto yule iliingia kwa mama, kinga yake ikaiona ngeni na kutengeneza kingamwili, yaani askari wa mwili wa kushambulia damu chanya. Hizo hupita kwenye kondo la nyuma na kuvunja chembe nyekundu za mtoto aliye tumboni kama naye ni chanya, akapungukiwa damu. Kama hazipo, sindano hiyo ya anti-D ikichomwa wiki ya 28 itasaidia kuzuia zisitengenezwe. Kama zipo tayari, sindano haisaidii tena. Kipimo kimechukuliwa, majibu ni Ijumaa.

Mliopitia hali hii, kingamwili zikikutwa mlifuatiliwaje? Ultrasaundi kila baada ya muda gani? Na sindano hiyo kwa Mwanza inapatikana kwa bei gani? Mama mkwe anatuambia tusihofu kwa kuwa wa kwanza alitoka mzima, ila nimeelewa wa kwanza ndiye kwa kawaida husalimika.